Habari za Chura Akaaye Bustanini

Wasomaji wetu, masika yakiisha kuingia na ardhi ikilowa, mwenye bustani ainuaye jiwe au kusogeza mtungi mbovu hukuta chini yake chura, amejikunyata, mwenye vipele na rangi ya udongo, akimtazama wala hakimbii. Wengi wetu twajua litakalofuata. Mama hupiga kelele, mtoto mmoja hukimbilia jembe, wa pili huleta chumvi kutoka jikoni. Baada ya kitambo kidogo mambo yamekwisha, na mzoga hutupwa nje ya ua. Mwezi huu twataka kunena habari za mnyama huyu, maana huuawa katika nyumba zetu kwa sababu ambazo, zikichunguzwa, nyingi hazisimami, na hasara ya kufa kwake huwa yetu sisi wenye bustani.

Kwanza tumfahamu ni nani. Lugha yetu huwaita wote vyura, lakini mwenye kuangalia huona namna mbili. Yuko yule mwembamba, ngozi yake laini yenye utelezi, miguu ya nyuma mirefu, arukaye mbali na kukaa karibu na maji. Tena yuko huyu mnene, mzito, ngozi yake kavu yenye vipele, ambaye hutambaa au kuruka hatua fupi fupi, naye aweza kukaa mbali na maji miezi mingi, asirudi dimbwini ila kwa kutaga mayai. Huyu wa pili ndiye tumsemaye hasa. Huko Ulaya, Asia na Marekani wako jamaa zao wenye mkia, mfano wa mjusi aliyelowa, na watu huwakuta katika vidimbwi vya bustani zao. Lakini kusini ya jangwa la Sahara hawako kabisa. Mwalimu akiwaona katika kitabu cha picha asiwatume watoto kuwatafuta mtoni.

Maumbile ya chura ni ya ajabu kwa mtu akaaye kimya akamtazama. Hanywi maji kwa kinywa. Hukaa penye unyevu, na ngozi ya tumbo lake ndiyo inywayo. Kwa sababu hiyo mchana hujificha chini ya jiwe, gogo au majani makavu, jua lisije likamkausha, na usiku hutoka kuwinda. Ulimi wake haukufungwa nyuma kama wetu, bali mbele ya kinywa, hata aurushapo humfikia mdudu kabla mdudu hajajua. Akimeza hufumba macho. Wala si kwa utamu wa chakula, bali macho yenyewe hushuka ndani na kusaidia kusukuma tonge kooni. Tena ngozi yake ikichakaa huivua kama nguo na kuila. Tumewaonyesha watoto jambo hili mara moja tu, maana si rahisi kulibahatisha, na hawakulisahau.

Na chakula chake ni nini? Ni kila mdudu apitaye mbele yake awezaye kuingia kinywani: mende, mchwa, sisimizi, nyenje, viwavi, jongoo wadogo, sota wale wakatao miche ya kabichi usiku, na konokono wasio na nyumba walao mchicha. Mwenye bustani huamka asubuhi akaona mche umelala chini umekatwa shinani, akalaumu kuku wa jirani; kumbe adui alikuja usiku, na mlinzi aliyeweza kumkamata aliuawa juzi kwa jembe. Walakini tusimsifu kupita kiasi. Wako wasemao kwamba chura humaliza mbu nyumbani. Si hivyo. Huenda akala mbu mmoja mmoja, lakini windo lake hasa ni wadudu watambaao chini. Atakaye kujikinga na malaria na alale ndani ya chandarua, asimtegemee chura.

Basi, kwa nini twamchukia? Husemwa kwamba ukimshika utaota chunjua mikononi. Chunjua hutoka kwa kijidudu kipitacho baina ya mtu na mtu, na vipele vya chura si ugonjwa, ni umbo la ngozi yake. Husemwa pia kwamba mkojo wake ni sumu. Ukimwinua ghafula hukojoa kwa hofu, na yale ni maji aliyojiwekea. Lakini sumu anayo kweli, wala hatutaki kuwaficha wazazi. Nyuma ya macho yake kuna uvimbe mmoja kila upande, na akibanwa au kung'atwa hutoka humo majimaji meupe kama maziwa. Maji hayo yakiingia jichoni huwasha sana. Mbwa akimng'ata chura hutokwa na povu jingi, naye yafaa aoshwe kinywa kwa maji mengi yatiririkayo nje. Wako watu waliokufa kwa kula vyura wa namna hii, kwa kuwa sumu ile hushika moyo, wala kuipika si njia ya kuiondoa. Lakini chura harushi sumu yake kwa mtu apitaye, wala hang'ati. Mtoto aliyemgusa na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa macho au kula, jambo limekwisha.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu. Katika nyumba nyingi, hata nyumba za watu waliobatizwa zamani, chura akikutwa kizingitini huhesabiwa kuwa ametumwa. Na aliyetumwa lazima ana mtumaji. Na mtumaji hutafutwa, naye hapatikani mbali: ni jirani, au mke mwenza wa zamani, au mama mkwe mzee asiye na mtetezi.

Twaijua nyumba moja ambayo jina lake tutaliacha. Mtoto wao alishikwa na homa, na jioni ile ile bibi yake akafagia mlangoni akakuta chura mkubwa chini ya kizingiti. Siku chache kabla yake walikuwa wamegombana na mama wa nyumba ya pili kwa habari ya mbuzi aliyekula mahindi. Basi hesabu ikafungwa upesi: mbuzi, ugomvi, chura, homa. Mtoto alipelekwa zahanati, akapimwa damu, akaonekana ana malaria, akapewa dawa akapona. Lakini maneno hayakupona. Nyumba hizi mbili, zilizokuwa zikipeana moto na chumvi tangu zamani za wazee wao, zikaacha kusalimiana.

Sisi tulikwenda kule jioni moja pamoja na mwenzetu, tukaomba kuketi barazani mpaka usiku uingie. Taa ilikuwa imetundikwa pale pale mlangoni, na kumbikumbi walikuwa wakianguka chini yake kama makapi. Tena chini ya kizingiti udongo ulikuwa umelowa, kwa kuwa maji ya kuoshea vyombo humwagwa hapo kila siku. Haukupita muda mrefu akaja chura mmoja, akaketi kwenye mwanga, akaanza kuokota kumbikumbi. Akaja wa pili. Alipokuja wa tatu, babu wa nyumba akacheka, akasema, "Mwalimu, na hawa watatu nao wametumwa na nani?" Tukamjibu, "Baba, hawa wametumwa na njaa." Bibi hakucheka. Hata hivyo kesho yake taa ilihamishwa, na maji machafu yakaanza kumwagwa kwenye migomba. Mapatano ya nyumba zile hayakuja siku ile, yalikuja baada ya mavuno, kwa kazi ya wazee. Lakini wazee wenyewe walituambia kwamba lile neno la chura lilipoondolewa, palibaki neno la mbuzi tu, na neno la mbuzi hulipika.

Wako pia ndugu watoao Maandiko. Hutukumbusha pigo la vyura katika nchi ya Misri, na zile roho chafu za kitabu cha Ufunuo zilizofananishwa na vyura. Ni kweli yameandikwa. Lakini mfano si amri, wala hatukuagizwa popote kumpiga mnyama huyu kwa sababu jina lake limetajwa penye hukumu. Nzige pia wametajwa, na hayo hayo Maandiko yasema walikuwa chakula cha Yohana. Na asomaye sura ile ya Kutoka mpaka mwisho ataona kwamba vyura walipokufa na kurundikwa chungu chungu, pigo lililofuata ni chawa, na baada yake mainzi. Hatufanyi fundisho juu ya hilo, twalitaja tu.

Sababu iliyobaki ina ukweli ndani yake. Watu husema, penye chura huja nyoka. Ndivyo. Wako nyoka ambao chakula chao kikubwa ni vyura, na baadhi yao wana sumu. Kwa hiyo hatumwambii mtu amfuge chura chini ya kitanda, wala karibu na mlango. Twasema akae mahali pake, nasi tukae mahali petu. Majani yaliyo karibu na nyumba yafyekwe, kuni na matofali yasirundikwe ukutani, na taa ya nje isiwekwe chini mlangoni. Hayo yatamzuia chura na nyoka pamoja, wala hapatakuwa na haja ya jembe.

Kisha liko jambo la chumvi. Tulisema kwamba chura hunywa kwa ngozi. Ngozi ile ile ikimwagiwa chumvi, maji ya mwili wake huvutwa nje, naye huungua bila moto. Hafi mara moja. Hujinyonganyonga, hujifuta kwa mikono kama mtu, na watoto husimama kumzunguka wakicheka. Tumeliona hilo katika nyua za watu wema, na wazazi wameketi barazani wakizungumza. Baba ambaye humkanya mwanawe asimpige punda mpaka atoke damu, kwa hili hasemi neno, kwa kuwa chura ni kitu cha kuchukiza. Lakini mtoto hapimi uzuri wa mnyama. Huona tu kwamba mateso ni mchezo na kwamba wakubwa wanaruhusu. Na mtoto huyo huyo kesho atapewa mdogo wake amchunge.

Akiingia nyumbani, mwondoe hivi. Usimrukie kwa kelele. Fungua mlango, chukua ufagio au kipande cha ubao, umsukume taratibu, naye atatoka mwenyewe. Ukitaka kumwinua, lowesha jani pana la mgomba umfunike, umwinue ndani ya jani, umpeleke mwisho wa bustani. Mitungi ya maji ya kunywa ifunikwe daima, kwa ajili ya chura na kwa ajili ya mengine mengi mabaya kuliko chura.

Atakaye akae bustanini amsaidie na amwekee kigae cha mtungi uliovunjika, kimeegemezwa kwa jiwe penye kivuli, hatua 20 au zaidi kutoka mlangoni. Wakati wa kiangazi ateke maji kidogo katika sahani pana, kina chake kisizidi vidole 2, ayamwage na kutia mengine kila siku ya pili, ili mbu wasipate kuzaa humo. Asichimbe dimbwi. Tumesoma vitabu vya nchi za baridi vinavyoshauri kila mwenye bustani achimbe kidimbwi. Ushauri huo ni mzuri kwao, lakini kwetu ni kuwaalika mbu mezani. Kabla ya kuchoma rundo la takataka, ligeuzeni kwanza kwa uma au fimbo, maana chura hupenda kulala chini yake.

Na dawa za kuua wadudu? Hapa twasema kwa nguvu. Ngozi inywayo maji hunywa na sumu. Mkulima apigaye dawa mboga zake jioni humlowesha chura atokaye usiku, na asipomlowesha, chura hula wadudu waliokufa au wanaokufa kwa dawa ile. Mwaka wa kwanza mkulima huona wadudu wamekwisha. Mwaka wa pili wadudu hurudi, kwa kuwa huzaa upesi. Walinzi hawarudi upesi. Ikiwa dawa hapana budi, na ipigwe kwenye mmea ulioshambuliwa tu, asubuhi, kwa kipimo kilichoandikwa, wala bomba lisioshwe dimbwini wala mtoni. Kuokota viwavi kwa mkono ni kazi ya kuchosha, twajua, lakini bustani ya nyumbani si shamba la pamba.

Mtu atauliza, je, vyura si wengi mno? Usiku wa mvua ukisikiliza makelele yao waweza kudhani hawatakwisha kamwe. Methali yetu yasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kweli hazimzuii. Lakini maji yakiondoka, ng'ombe huenda kwingine, chura hawezi. Mwaka 1996 wataalamu walikuta katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, chura mdogo asiyefika sentimita 3, rangi yake ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai. Hakuonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto ule, hekta chache tu. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, na ilipofika mwaka 2000 manyunyu yalikuwa yamepungua mno. Mwaka huo huo vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakatunzwa huko. Korongoni ziliwekwa bomba za kunyunyiza maji, lakini ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawapata waliobaki, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayuko tena porini. Wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Umeme twauhitaji, wala hatumlaumu mtu. Twaeleza tu jinsi jamaa nzima ya mnyama ilivyoweza kuondoka mahali pake katika miaka michache. Hesabu ya dunia nzima iliyotangazwa mwaka 2023 yasema kwamba katika kila aina 100 za vyura na jamaa zao, karibu 41 zimo hatarini.

Ugonjwa ule wa ukungu ndio sababu moja ya kutowahamisha vyura kutoka bonde hili kwenda bonde lile, hata kwa nia njema. Sababu ya pili ni tumbo lao. Mwaka 1922 chura mnene wa Afrika, wa namna ile ile tuwaonayo bustanini, alipelekwa kisiwani Mauritius ili ale wadudu wa miwa, na mwaka 1927 akapelekwa Réunion. Akaongezeka sana, akawa tishio kwa wadudu na konokono wadogo wasiopatikana ila visiwani kule. Vivyo hivyo Australia: mwaka 1935 waliletwa vyura wakubwa wa asili ya Amerika kwa kazi hiyo hiyo ya miwa. Wadudu wa miwa hawakwisha, lakini wanyama wa nchi waliojaribu kumla mgeni wakafa kwa sumu yake. Aliye mlinzi katika bustani yake mwenyewe ni mharibifu katika ya wengine. Basi ukimkuta nyumbani kwako, mwache nyumbani kwako. Bustani isiyo naye itampata ikiwa na kivuli na unyevu na isipokuwa na sumu.

Kwa walimu tuna neno la mwisho. Mvua zikianza, pelekeni watoto dimbwini, mkatazame mayai. Ya chura mnene yako katika nyuzi ndefu za ute, na punje nyeusi ndani yake kama ushanga. Ya vyura wengine yako kwa mafungu. Pengine mtaona mapovu meupe yananing'inia mtini juu ya maji, ambayo watu huyaita mate ya nyoka. Si mate. Ni kiota cha chura wa mitini, na viluwiluwi wake hudondoka majini baada ya siku chache. Chukueni viluwiluwi 5 au 6, wala si zaidi, katika chupa pana ya kioo yenye maji ya dimbwi lile lile na uchafu kidogo wa kijani utokao kwenye mawe, ndio chakula chao. Iwekeni kivulini darasani. Badilisheni nusu ya maji kila siku chache, lakini msitie maji ya bomba yenye dawa. Kila juma watoto wachore waonayo: miguu ya nyuma hutangulia, kisha ya mbele, kisha mkia huanza kupungua. Siku miguu ya mbele itakapotokea, tieni jiwe lililochomoza juu ya maji, kwa maana tangu hapo anaanza kuvuta hewa kwa mapafu, naye akikosa pa kupanda atazama. Mkia ukiisha, warudisheni wote kwenye dimbwi lile mlilowatoa, jioni, jua likiisha kushuka.